Kitanda cha Mzee Karanja Kule Mutuini

Siku mliyoniaga nikistaafu mlinilisha keki tamu kupita kiasi, mkanipa saa ya ukutani, halafu mkaniomba niwaandikie miaka yangu ya kazi ilivyokuwa. Saa nimeitundika. Kuandika ndiko kumenichelewesha, maana kila nikianza na mambo makubwa, vyeo na ofisi mpya na magari ya kampuni, najikuta nasinzia mwenyewe. Hayo mtayapata kwa wahasibu. Ninachokumbuka bila kujilazimisha ni ile likizo ndefu nilipokuwa bado mwanafunzi, nikaja kwenye kampuni hii kujifunza kazi. Ninyi mnaita atachimenti. Sisi pia tuliita hivyo hivyo, kwa hiyo msidhani mmevumbua kitu.

Nilikuwa naishi kwa shangazi yangu Mountain View. Yeye alikuwa karani serikalini, mtu wa Machakos kama mimi, na kwake mtu anayekwenda ofisini lazima aonekane anakwenda ofisini. Alinipa suti yake ya buluu na viatu vya kisigino kirefu, akaniombea mlangoni, akanitazama mpaka nikapotea kwenye kona. Nikashuka mjini tayari kukabidhiwa meza na simu. Wakati huo kampuni ilikuwa juu ya duka la vitambaa, lifti imekufa siku nyingi, na nilifika juu natweta kama niliyefukuzwa.

Bwana Makokha, aliyesimamia upimaji wa ardhi, alinitazama kuanzia chini. Usoni hakufika. Aliishia kwenye viatu, akauliza kama nina vingine, nikasema sina. Akafungua kabati, akatoa gambuti za mwanamume, akanionyesha rundo la magazeti ya zamani nijaze kwenye vidole ili zisinivuke. Hiyo ndiyo iliyokuwa hotuba ya kunikaribisha. Kabla ya saa ya chai nilikuwa nyuma ya Landrova nimekumbatia fito zilizopakwa rangi nyekundu na nyeupe, suti ya shangazi ikinywa vumbi la Waiyaki Way.

Makokha alikuwa Mluhya wa kutoka pande za Kakamega, mrefu, mpole wa sauti na mgumu wa kila kitu kingine. Kifutio hakutaka kukiona. Alisema mtu anayejua kuna kifutio mezani hufikiri baada ya kuchora badala ya kabla. Alikuwa na tabia ya kukuuliza swali halafu anageuka kufanya mambo mengine, na usidhani amesahau. Alikuwa akirudi baada ya saa nzima kudai jibu. Nilimwogopa kwa wiki ya kwanza. Wiki ya pili nilianza kumpenda kama baba, na sioni haya kuandika hivyo.

Msaidizi wake aliitwa Musyoka, mtu wa Kitui, mshika mkanda. Yeye ndiye aliyenifundisha kuvuta mkanda wa chuma bila kujikata, kuning'iniza timazi upepo ukivuma, na kula mahindi ya kuchoma kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika fito wima. Darubini ya kupimia hakuniruhusu niibebe hata hatua moja. Ilikaa kwenye sanduku lake la mbao, na tukiwa safarini ilikaa mapajani mwake, mimi nikakaa juu ya tairi la akiba. Ninyi mnaotembea na mashine inayoongea na setilaiti, na ile ndege yenu ndogo inayowatisha kuku wa watu, nawaonea fahari kidogo na huruma kidogo. Hamjui raha ya kungoja kivuli cha wingu kipite ndipo usome namba.

Kazi yangu ya kwanza iliyoniacha na alama mwilini ilikuwa Muthangari. Majirani wawili, watu wazima wenye bustani nzuri na magari safi, walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya ua wa kayaba. Kila mmoja alisema mwenziwe ameusogeza. Tulitakiwa kutafuta bikoni ya zamani, yaani kile chuma kilichosimikwa kwenye saruji kuonyesha kona ya mpaka, nayo ilikuwa mahali fulani ndani ya ule ua. Mliowahi kuingia kwenye kayaba mnajua miiba yake. Nilitoka na mikono kama niliyepigana na paka wa mtaa mzima, lakini tuliipata, na ilikuwa pale pale katikati ya ua. Hakuna aliyekuwa amemwibia mwenziwe chochote. Ungedhani wangefurahi. Walituaga kwa ubaridi, kila mmoja kutoka kwenye geti lake, kama watu waliopokea habari za msiba. Ndipo nilipoanza kuelewa kwamba watu wengi wanaomwita savea, mpima ardhi, hawatafuti mpaka, wanatafuta ushindi.

Kazi ya Mutuini ilikuja likizo ikielekea ukingoni. Mzee mmoja, Mzee Karanja, alitaka kuwagawia watoto wake watatu shamba angali hai. Mkewe alikuwa ametangulia. Kamau, kifungua mimba, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi na ndiye aliyekuja ofisini kutuita. Njoroge, wa pili, alifuga ng'ombe wa maziwa na alikuwa mtu wa maneno machache. Wa mwisho alikuwa Wambui. Alikuwa ameolewa, ndoa ikamshinda, akarudi nyumbani na mtoto wake wa kike. Yeye ndiye aliyeishi na baba yao katika nyumba ya zamani ya familia, chini kabisa karibu na kijito. Miguu ya mzee ilikuwa imeanza kukataa kazi. Bila Wambui hata mlangoni asingefika.

Shamba lenyewe lilikuwa jembamba na refu, linaanzia barabarani kule juu na kuteremka mpaka majini. Wakati huo Mutuini ilikuwa bado nyasi za ng'ombe na migomba, na nyumba za kupangisha ndiyo kwanza zinachipuka kando ya barabara. Familia ilikuwa imeshakubaliana: Kamau achukue juu, Njoroge katikati, Wambui chini pamoja na nyumba ya baba. Mimi niliona ni haki tupu. Vipande vinalingana, na binti amepata, jambo ambalo si kila boma lingekubali siku hizo. Tulipima kutwa nzima. Tulipomaliza Makokha akatandaza mchoro wa penseli juu ya boneti ya Landrova, akaukazia macho, akauliza Wambui atapita wapi akitaka kufika barabarani.

“Atapita tu,” Kamau akasema. “Sisi ni ndugu, savea. Nani anaweza fungia dada yake?”

Nataka mlielewe jambo hili vizuri: Kamau hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa anadanganya. Alimaanisha alichosema. Kosa lake ni lile nililokuja kulikuta kwa familia nyingi baadaye. Ndugu wanaopendana hawaachi njia, kwa sababu wanaona kuacha njia ni kama kutangaza kwamba siku moja watakosana. Lakini huku akisema hayo, Kamau alikuwa ameshachimba msingi wa nyumba za wapangaji kule juu, kutoka ua wa upande huu mpaka ua wa upande ule, bila hata nafasi ya kupitisha mbuzi. Alipoulizwa kuhusu msingi alisema ataweka mlango wa nyuma.

Makokha alisema tutarudi wiki inayofuata kusimika bikoni, kisha akaanza kukunja mchoro. Mimi niliitwa jikoni kwa Wambui kunywa chai na viazi vitamu. Alikuwa kijana bado, amenizidi miaka michache tu, akaniuliza jina, nikamwambia naitwa Nduku. Alinimiminia, akachungulia nje, ndipo akasema kwa sauti ya chini.

“Mimi sa hii napita kwa sababu baba yuko. Siku baba hatakuwa, nitakuwa napita kwa sababu Kamau ako na roho safi. Na akiuza hizo nyumba, Nduku? Yule atanunua pia atakuwa ndugu yangu?”

Aliniuliza kama mimi niliyesoma naweza kumwambia yule mkubwa wangu. Nikamwahidi nitamwambia, na chai ikanishinda kumaliza.

Njiani nilimwambia Makokha kila kitu, nikamuuliza kwa nini asikatae tu kuisimika mipaka ile. Alijibu kwamba angeweza kukataa, na kabla ya chakula cha mchana Kamau angekuwa amepata savea mwingine mtaa wa pili, wa kuchora chochote anachoambiwa. Nikasema basi amweleze Kamau. Akasema ameshawaeleza watu wengi. Watu wakielezwa huitikia kwa kichwa, halafu wanakwenda kujenga. Kisha akageukia dirisha, na nikajua mazungumzo yamekwisha.

Wiki ile nzima nilikuwa na Wambui kichwani. Nyumbani kwetu kulikuwa na shamba pia, na kaka zangu walikuwa watu wazuri, wananipenda. Sikuwa nimewahi kujiuliza mimi ningepita wapi. Nilianza kujiuliza nikiwa naosha vyombo vya shangazi, na swali hilo halijawahi kuniacha sawasawa mpaka leo.

Asubuhi ya kusimika bikoni tuliwakuta wote watatu shambani wamevaa vizuri, kama watu wanaongoja kupigwa picha. Mzee Karanja alikuwa ametolewa nje, ameketi kwenye kiti kando ya mlango, blanketi magotini. Chuma na saruji vilikuwa tayari. Makokha aliwasalimu mmoja mmoja, kisha akasema kabla ya kuanza angependa kuazimwa kitanda kutoka nyumba iliyo mbali kuliko zote na barabara. Kamau alifikiri ni utani wa Kiluhya. Lakini nilimwona Musyoka akivua koti na kulitundika kwenye mti huku akilalamika chinichini kuhusu mgongo wake, nikajua hii si mara yake ya kwanza.

Kitanda kililetwa, cha mbao nzito, kile mzee alichotengenezewa alipooa. Makokha akawaeleza anachotaka. Kitanda kibebwe kutoka mlangoni kwa Wambui mpaka barabarani, kwa kufuata mipaka kama ilivyochorwa. Kikifika, bikoni zitasimikwa siku hiyo hiyo.

Mzee Karanja alikuwa akisikiliza. Akauliza kitanda chake kinapelekwa wapi. Makokha akachuchumaa mbele yake, akamjibu kwa heshima kwamba siku moja mtu atakuwa mgonjwa katika nyumba hii, au mama atashikwa na uchungu, au kutakuwa na safari ambayo hakuna anayeipenda, na yeye kama savea anataka kuona mtu huyo atapitishwa wapi. Mzee alimtazama. Kisha akasema, “Sasa mtabeba mbao ya nini? Nilazeni.”

Wanawe walikataa kabisa. Njoroge, ambaye sikuwa nimemsikia akisema zaidi ya habari yako, alisema haifai kumbeba mzazi aliye hai namna hiyo. Mzee akasema yeye ndiye mzazi na anajua kinachofaa. Wambui akatandika blanketi, akamsaidia kulala. Kamau na Njoroge wakashika upande wa kichwa, Makokha na Musyoka upande wa miguu. Mimi nilitangulia na fito nikiwaonyesha mstari.

Tulipanda kwenye kipande cha Wambui mpaka mwisho wake. Hapo Makokha akasimama, akamwambia Njoroge kwamba shamba la dada yake limeishia hapo, kwa hiyo wanaomba ruhusa. Njoroge aliona haya, akasema piteni, piteni. Tukapita kwenye nyasi zake, ng'ombe wakitutazama. Kilima cha Mutuini si cha mchezo, na nilikuwa nasikia pumzi zao nyuma yangu. Mzee alikuwa amelala chali, mikono juu ya kifua, anatazama mawingu.

Tukafika kwenye msingi wa Kamau. Kamba ya fundi ilikuwa imevutwa kutoka ua huu mpaka ua ule, na chini yake mtaro. Tukasimama, maana hapakuwa na pa kwenda.

“Mbona tumesimama?” mzee akauliza.

Kamau akabadilisha mkono kwenye mbao ya kitanda.

“Kamau, ni nini iko hapo mbele?”

“Ni msingi, baba.”

“Ya nani?”

“Yangu.”

Mzee aligeuza kichwa kidogo. Kutoka pale alipolala asingeweza kuuona mtaro, ila aliweza kumwona mwanawe kutoka chini, kidevu na jasho.

“Sawa,” akasema. “Nishusheni. Kumbe mimi naweza fika mpaka hapa.”

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira labda Kamau angejitetea. Alisema kama mtu aliyeelezwa ratiba ya gari. Wambui, aliyekuwa akitufuata na kiti cha baba yake, alikiweka chini akageukia upande mwingine. Mimi nilijifanya nakagua fito, huku machozi yakinitoka.

Kamau hakukishusha kitanda. Alimwambia mdogo wake ashike pande zote mbili, na Njoroge akanyoosha mikono akashika. Kamau akaruka ndani ya mtaro, akaanza kung'oa vigingi vyake mwenyewe, kimoja baada ya kingine, akavitupa kwenye nyasi pamoja na kamba. Kisha akalaza ubao wa fundi juu ya mtaro, akaujaribu kwa mguu, akarudi kushika upande wake wa kitanda. Walivuka taratibu, Musyoka akiomba Mungu kwa Kikamba, wakamfikisha mzee barabarani. Wakamweka chini ya jua. Watu waliokuwa wakipita walidhani ni mgonjwa, wakaanza kutoa pole, na mzee akazipokea zote.

“Savea,” Kamau akasema, akijifuta uso kwa shati, “weka hiyo njia. Weka kubwa.”

Tuliipima siku hiyo hiyo, kutoka nyumbani kwa Wambui mpaka barabarani, Njoroge na Kamau wakitoa kila mmoja kipande chake. Kamau alipoteza chumba kimoja cha wapangaji, na alikililia chumba hicho mpaka tunapakia vifaa, akitaka kujua kama ni lazima njia inyooke. Makokha akamwambia ni lazima. Wambui alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Chuoni niliandika yote hayo kwenye ripoti yangu. Mhadhiri alizungushia neno kitanda kwa wino mwekundu, akaandika pembeni kwamba hakioni kwenye orodha ya vifaa vya upimaji. Alama alizonipa zilitosha kunivusha. Nilipohitimu nilirudi kwa Makokha, na iliyobaki ni ile miaka ambayo mnadhani ndiyo kazi yangu.

Kitanda nimekitumia tena, msidhani nilikiacha Mutuini. Pale ambapo hapakuwa na kitanda nimetumia kochi, meza ya kulia chakula, na mara moja friji ya watu ambao hawakunisamehe. Si kila mara kilifaulu. Kuna familia waliobeba mpaka mwisho, wakafungiwa, wakashusha, wakaniambia nichore hivyo hivyo. Hao niliwaambia watafute savea mwingine, nao walimpata bila shida. Wanafunzi niliowapokea likizo baada ya likizo wengi wenu walikuja na viatu vizuri, na niliwatazama kuanzia chini kama nilivyotazamwa. Kama niliwakera, nilikuwa nawakaribisha.

Makokha alistaafu, akarudi kwao, akafariki. Nilikwenda kumzika. Njiani kutoka kanisani nilijikuta natazama kama njia ya kuingilia bomani kwake ina upana wa kutosha. Ilikuwa nao, mkubwa kupita kiasi, majirani wakilalamika kwamba amepoteza ardhi ya kulima. Nilicheka nikiwa nimeshika shada la maua, halafu nikalia kwa muda mrefu, maana hakuna mtu aliyenifundisha vitu vingi hivyo kwa maneno machache vile, na sikuwahi kumwambia.

Mwezi uliopita, kwa kuwa sasa sina mahali pa kuwahi, nilichukua boda boda mpaka Mutuini. Nilikuwa nimesikia miaka mingi nyuma kutoka kwa Musyoka kwamba Mzee Karanja alipofariki alitolewa kwa njia ile, amebebwa na wanawe wa kiume wote wawili, na kwamba Kamau baadaye aliuza nyumba zake kwa mtu wa mbali. Kwa macho yangu sikuwa nimerudi. Nilipita mara mbili bila kupatambua, maana ghorofa zimesimama pande zote, nguo zimeanikwa kila baraza, na nyasi za Njoroge zimekuwa kanisa la mabati. Lakini katikati ya majengo hayo njia iko. Imewekwa changarawe. Inanyooka kutoka barabarani mpaka chini, na kule chini niliona bati la nyumba ya Wambui na mtu mzima ameketi nje akichambua mboga, mbali mno nisiweze kumtambua uso.

Nilikuwa nimesimama hapo katikati nikitazama wakati mama mmoja alipotokea nyuma yangu akisukuma wilbaro ya mitungi ya maji. Nikamsalimu, nikamuuliza hii njia ni ya nani.

“Hii?” Alishangaa swali la bibi mzee kama mimi. “Hii si ya mtu, shosho. Ni njia tu. Imekuwanga hapa.”

Nilifungua mdomo nimweleze. Kabla sijaanza akaniomba nisogee kidogo apite, nikasogea.